Mdoli wa Kabatini

Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtumishi aliyekwenda likizo Kondoa. Ndani ya kabati hilo, katika kituo kimoja cha afya nje ya jiji la Dodoma, kulikuwa na mdoli wa kufundishia wakunga namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Niliomba kuuona. Siku ya pili ufunguo ukapatikana, mdoli ukatolewa ukiwa bado ndani ya nailoni yake, pamoja na ambu, mfuko wa kubana kwa mkono wa kumpulizia mtoto hewa, ambayo mikunjo yake ya kiwandani ilikuwa haijanyooka. Ukutani, hatua chache kutoka hapo, vilining'inia vyeti vitatu vya mafunzo kwenye fremu, vimefutwa vumbi vizuri. Mmoja wa wenye vyeti hivyo alikuwa zamu siku ile. Hakujitetea.

"Mwalimu, tulifundishwa vizuri, siku tatu nzima," akaniambia. "Ila tangu turudi hakuna aliyeushika."

Mimi nilikuwa mkunga kabla ya kuwa mwalimu wa wakunga, na mafunzo ya namna ile nimeyaendesha mwenyewe mara nyingi. Ndiyo maana maneno yake yalinichoma. Yeye alifanya yote tuliyomtaka: alihudhuria, akafaulu mtihani wa mwisho, akarudi na cheti. Kasoro ilikuwa kwenye kile tulichomtaka.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, jiji letu limekuwa jiji la semina. Watumishi wa afya wanatoka Chemba, Bahi, Mpwapwa na Kongwa, wanapanda basi alfajiri na kufika ukumbini wakiwa na vumbi la safari. Wanasaini mahudhurio, wanapewa daftari na kalamu, taa zinapunguzwa, slaidi zinaanza. Saa nne chai, saa saba chakula, jioni fomu ya posho. Mwezeshaji mara nyingi ametoka Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anaweza kuja asubuhi na kuondoka jioni bila kuona wodi hata moja ya mkoa huu. Huko nyuma, zahanati yenye muuguzi mmoja na tabibu mmoja imebaki na mtu mmoja kwa siku tatu, na mama mwenye uchungu hasubiri semina iishe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wakizungumzia malezi ya mtoto, na kwa mtoto maneno yale yana ukweli wake. Lakini tumeyabeba mpaka mahali pasipo pake. Moyoni tunaamini mtu mzima keshakauka, hakunjiki tena, kwa hiyo mafunzo yake yanakuwa wajibu wa kutimiza: umemwambia, umemsainisha, basi. Na tukimfundisha kweli, tunamfundisha kama mwanafunzi wa darasa la tano ambaye kazi yake ni kukaa kimya na kuandika yaliyo ubaoni. Muuguzi mwenye miaka 18 kazini, aliyezalisha watoto wengi kuliko mwezeshaji wake, anaambiwa fasili ya uchungu wa kujifungua.

Neno lenyewe nalo limetuponza. Ukitaja elimu ya watu wazima hapa Tanzania, wengi wanakumbuka kisomo: babu na bibi chini ya mwembe wakifuatisha a, e, i, o, u. Daktari bingwa haoni kama elimu hiyo inamhusu. Inamhusu sana. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuchunguza jambo hili mpaka alipofariki mwaka 1997, hakuwa akiandika juu ya wasiojua kusoma peke yao. Alikuwa akiuliza mtu yeyote aliyekomaa hujifunza vipi, na majibu yake ukiyaweka kwenye wodi za hapa kwetu yanaeleweka mara moja. Mtu mzima anataka kwanza kujua jambo hili analifunzwa kwa nini. Hapendi kuburuzwa. Anakuja na uzoefu wake, na ukiupuuza uzoefu huo amekuona umempuuza yeye. Yuko tayari kujifunza pale maisha au kazi inapomdai, na anachotaka ni utatuzi wa tatizo lililo mbele yake zaidi ya somo lililopangwa kwa sura na vifungu. Na kinachomsukuma kwa nguvu zaidi kinatoka ndani yake: heshima ya kazi, hofu ya kumpoteza mgonjwa, fahari ya kufanya vizuri.

Chukua hilo la utayari. Mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika, na wengine wakafa. Chanzo kikaja kujulikana kuwa ni sumukuvu kwenye mahindi waliyokula. Mfikirie tabibu wa zahanati ya kijijini aliyeletewa watoto wawili wa nyumba moja, wote macho njano. Wiki ile, saa ile, yuko tayari kujifunza kuhusu ini na kuvu na ghala la mahindi kuliko atakavyowahi kuwa tena. Mtu angempigia simu kwa nusu saa na kumwongoza, asingesahau mpaka astaafu. Lakini kalenda za mafunzo hazipangwi na macho ya wagonjwa. Zinapangwa na bajeti ya mwaka na mradi uliopo, na mradi ukiwa wa ugonjwa fulani, basi wote tunafundishwa ugonjwa huo, hata aliyefundishwa mwaka juzi na mwaka jana.

Sasa niseme kuhusu Haydom, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Haydom ni hospitali ya Kilutheri katika wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, mbali na lami za mijini. Mwaka 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, yale ya Dakika ya Dhahabu, ambayo yanasema mtoto asiyepumua akaushwe, achangamshwe, na kama bado, aanze kupuliziwa hewa kwa ambu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Watafiti wakawapima. Kwenye mdoli, alama za wakunga zilikuwa zimepanda sana, na hata miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Kisha watafiti wakaangalia chumba cha kujifungulia chenyewe, kwa watoto wenyewe. Huko matunda ya mafunzo hayakuonekana. Watoto waliopuliziwa hewa hawakuongezeka.

Ningependa kila anayepanga bajeti ya mafunzo asome sentensi hizo mara mbili. Ujuzi ulikuwapo mikononi, umepimwa, umeandikwa, lakini haukuvuka kutoka kwenye mdoli kwenda kwa mtoto.

Haydom hawakukata tamaa, wala hawakuita semina nyingine. Waliweka mdoli pale pale kazini. Kila wiki mkunga alifanya zoezi la dakika 3 hadi 5, na kila mwezi zoezi refu kidogo la dakika 40. Basi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Hospitali ilikuwa ileile, na somo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na idadi ya marudio.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba mpango huohuo wa Dakika ya Dhahabu ulipofuatiliwa katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Ni kweli, na nafurahi kukumbushwa. Maana yake ni kwamba mtaala ni mzuri, na watumishi wetu wanaweza. Swali lililobaki ni kipi kinaubeba ujuzi kutoka siku ya mafunzo mpaka usiku wa manane, umeme umekatika, mtoto ametoka amelegea na mkunga yuko peke yake. Jibu la Haydom ni mkono uliozoea. Na mkono hauzoei kwa kusikia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vilichukua njia hiyo ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vikaongeza vifaa bora vya kupimia mapigo ya moyo wa mtoto, vikawa na watumishi wao wenyewe wa kuwahimiza wenzao na kutazama takwimu za kituo chao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, yakitokana na vizazi zaidi ya 280,000: vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Manyara ni jirani yetu. Njia hii haijatoka ng'ambo kuja kujaribiwa kwetu. Imekomaa mikononi mwa wakunga wa Kitanzania.

Na kama nchi tuliijua zamani. Mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwa nini tuanze na watu wazima: watoto tunaowasomesha hawataleta tofauti kwenye uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini, ilhali fikra za watu wazima zinaleta tofauti leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na wazee wa Dodoma bado wanaikumbuka. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini mwao, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadili yanayohusu kijiji chao. Kisha wakainuka wakachimba choo na kufukia madimbwi. Huwezi kusema umemaliza somo la malaria kama dimbwi bado lipo nyuma ya nyumba yako. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, tunampa muuguzi cheti cha kuzuia maambukizi wakati sinki la wodi yake halina maji, na hakuna anayemuuliza habari za sinki.

Hapa kuna jambo la kupima, ambalo nitalipita haraka. Mwaka 1959 Mmarekani mwingine, Donald Kirkpatrick, alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyaonaje, wamejifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na kimetokea nini kwa sababu hiyo. Semina zetu zinaishia ngazi ya pili. Maswali ya awali, maswali ya mwisho, alama zimepanda, makofi. Mwezi wa tatu hakuna anayerudi wodini kutazama.

Nisiwe mwepesi wa kusifu uzoefu wa watu wazima, kwa sababu uzoefu nao unaua. Nimewaona wakunga wazuri, wenye roho ya kazi, wakimshika mtoto aliyelegea miguu juu kichwa chini na kumpiga mgongoni, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia na watoto wengi walilia. Watoto wengi wangelia hata wasipopigwa. Yule asiyelia ndiye anayepoteza dakika yake ya dhahabu kwenye makofi hayo. Ukimwambia mkunga mwenye miaka 20 ya kazi kwamba njia yake ni mbaya, mbele ya wadogo zake kazini, amekufunga mlango. Atasaini, atakula chakula chako, atarudi na njia yake. Kumfundisha mtu mzima maana yake mara nyingi ni kumsaidia aache kitu, na kuacha kunauma zaidi ya kuanza. Nimeona kinachosaidia: mpe ambu na mdoli, mwache apulize, kifua kisipopanda ataona mwenyewe. Muulize, "Mama, unadhani hewa imepita wapi?" Atarekebisha kidevu, ataibana barakoa vizuri puani na mdomoni, kifua kitapanda. Hapo hujamshinda. Amejishinda.

Kuna mtego mwingine kwenye mafundisho ya Knowles, nao ni ile imani kwamba mtu mzima aachiwe ajipangie mwenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani yalionyesha kwamba madaktari hawajui vizuri kujipima, na walio dhaifu zaidi lakini wanaojiamini sana ndio wanaokosea zaidi. Mtu huchagua kujifunza anachokipenda, na anachokipenda mara nyingi tayari anakiweza. Kwa hiyo pamoja na uhuru wa kuchagua, apewe kioo. Takwimu za wodi yake ni kioo: wangapi walizaliwa wamechoka mwezi huu, wangapi walipuliziwa hewa, baada ya dakika ngapi. Kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi nacho kingekuwa shule bora kuliko zote, kama tusingekigeuza mahali pa kutafuta mchawi. Nimekaa kwenye vikao ambako swali la kwanza lilikuwa "nani alikuwa zamu?" Kuanzia hapo hakuna aliyejifunza kitu, kila mtu alikuwa analinda ajira yake. Swali lingekuwa "tulikuwa wapi mama huyu alipoanza kuvuja damu, na nini kilituchelewesha?" watu wangefungua vinywa.

Lugha ni jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Slaidi ni za Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, kisha majadiliano ya kweli yanafanyika kwa Kiswahili wakati wa chai. Muuguzi anafanya kazi kwa Kiswahili, anaandika ripoti ya zamu kwa lugha mbili zilizochanganyika, na mama aliyelala kitandani huenda anasema Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Msamiati wa dawa ubaki ulivyo, hakuna anayetaka kutafsiri oksitosini. Lakini sababu za mambo, yale "kwa nini" ambayo mtu mzima anayadai kabla ya kubadilika, yaelezwe kwa lugha anayofikiria. Mtu anayeogopa kukosea sarufi haulizi swali, na asiyeuliza tunamwandika kwamba ameelewa.

Sasa posho. Najua watu wanasubiri niitaje ili wajue niko upande gani. Siungi mkono wanaosema watumishi wanapenda semina kwa ajili ya posho, kama kwamba hiyo ni dhambi. Muuguzi wa kijijini ana mshahara mdogo na watoto wa kusomesha. Posho ya siku tatu inalipa ada, inanunua bati. Ukiiondoa kwa kisingizio cha mbinu mpya za kufundisha, umemnyang'anya, na atakuwa na haki ya kuichukia mbinu hiyo. Lakini fedha zinazolipa ukumbi, chakula cha hoteli, mafuta ya magari na nauli za wawezeshaji si posho ya muuguzi. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kumlipa mkunga mmoja mahiri katika kila kituo awe mwenye dhamana ya mazoezi, kwa kiwango kinachojulikana, kila mwezi, akibaki kwenye kituo chake. Hata jambo dogo la mahali pa kuweka ufunguo lingekuwa na mwenyewe.

Mabaraza yanayotoa leseni, la madaktari na la wauguzi na wakunga, yanataka mtumishi aonyeshe kwamba anajiendeleza, na yako sahihi. Ombi langu kwao ni kwamba daftari la mazoezi ya wodini, lenye tarehe, jina la zoezi, saini ya aliyefanya na ya aliyesimamia, lihesabiwe pointi kwa uzito uleule wa cheti cha ukumbini. Mazoezi ya dakika tano kila wiki yanatimiza zaidi ya saa nne kwa mwaka, na ni saa za mikono kufanya kazi. Kwa waganga wakuu wa wilaya ombi ni fupi zaidi: mkitembelea vituo kwa usimamizi, kabla ya kufungua rejista, ombeni kuonyeshwa mdoli. Mkiona vumbi au nailoni mtakuwa mmejua mengi.

Semina bado zina kazi yake. Mwongozo mpya wa matibabu ukitoka, watu wakutane wausikie pamoja, waulize, wafahamiane. Mkunga wa Kibaigwa akipata namba ya simu ya daktari wa hospitali ya rufaa, hiyo peke yake inaweza kuokoa mtu. Ila isiwe mwisho wa safari.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye hospitali moja ya wilaya, saa moja na nusu asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu. Mdoli ulikuwa juu ya meza ya leba, karibu na mizani, umechakaa, shavu moja limechubuka. Binti aliyeanza kazi mwaka huu alishika ambu, mama mmoja mtu mzima akasimama nyuma yake na saa mkononi. Binti akapuliza mara tatu. Kifua kilitulia. "Barakoa inavuja, mwanangu, sikiliza," mama akasema, na kweli ukisikiliza ilikuwa inalia upande wa kushoto. Binti akasogeza kidole gumba, akainua kidevu kidogo, akapuliza tena, na kifua cha plastiki kikapanda, kikashuka, kikapanda. Akahesabu kwa sauti mpaka dakika ikaisha. Wakasaini daftari wote wawili. Mama wa kitanda namba nne alikuwa ameshaanza kuita, binti akaiweka ambu mahali pake na kwenda.